Sauti Iliyonaswa Kinamasini

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi yangu na watoto, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua kila baridi inapoingia. Mimi kwa mwili sijambo. Shangazi naye hajambo, anakusalimu sana, na amenituma nikwambie kwamba kama hujasahau kuandika basi si vibaya ukamwandikia yeye pia, maana yeye si ofisi ya serikali useme mpaka akuandikie kwanza. Habari za Baba nitazifikia.

Ujumbe wako wa pongezi niliupata. Unasema umesoma gazetini habari za ndege wetu, umeikata ile picha ukaibandika ukutani, na umewatambia wenzako kazini kwamba yule mwanamke wa pembeni, anayeonekana kama amemeza ndimu, ni dada yako. Nilicheka peke yangu ofisini, kisha nikalia. Halafu ukauliza mbona nimekuwa kimya. Ndiyo maana nimekaa chini niandike kwa mkono. Kwenye simu ningekwambia tuko salama, nikakata.

Gazeti liliandika nusu nusu, kwa hiyo niache nianzie mwanzo. Chuo kilitangaza kwamba fedha za utafiti zitatolewa tu kwa vikundi vilivyochanganya idara. Mimi wa fasihi, niliyekuwa nikizunguka na kinasa sauti changu kukusanya nyimbo za watu wa kando ya maji, nikaunganishwa na mtaalamu wa mazingira na mhandisi. Huyo wa mazingira tunamwita Mama Darubini, kwa sababu darubini haimtoki shingoni hata akiwa kwenye foleni ya chakula. Mhandisi ni kijana tunayemwita Waya. Mifuko yake imejaa nyaya na skrubu, na ukimpa mkono lazima uondoke na kitu kimekuchoma. Kikao cha kwanza hatukuelewana hata kidogo. Waya aliuliza wimbo unapimwa kwa kipimo gani. Nami nikamuuliza kama hayo masanduku yake yanaweza kutofautisha ndege anayeimba na ndege anayelia. Mama Darubini akatuambia tunyamaze sote wawili, kwani kinamasi kinakufa na sisi tunabishana kama watoto wa chekechea.

Kinamasi alichokisema ni hiki chetu, cha nyuma ya nyumba. Halmashauri ilikuwa imeshaamua kukijaza udongo na kujenga maghala. Alituambia hakuna sheria itakayozuia lori kwa ajili ya vyura na matete. Kitu kimoja tu kingeweza kuzuia, nacho ni kuthibitisha kwamba humo bado anaishi kiumbe asiyepatikana tena kwingine. Kiumbe huyo ni yule ndege kipenga.

Wewe unamjua. Hakuna aliyewahi kumwona vizuri, ila sisi tumelelewa na sauti yake, ile ya kwenye matete alfajiri, kama refa mwenye mafua. Katika nyimbo nilizokusanya yumo kila mahali. Anaita mvua, anaita mume aliyepotea, anaita ng'ombe warudi. Lakini tangu tukiwa shule ya msingi hakuna mtu aliyethibitisha kumsikia. Mama Darubini alikuwa na kanda moja tu ya zamani yenye mlio wake, na aliitunza kama mtu anavyotunza picha ya marehemu.

Basi tukagawana kazi. Mimi nilichambua nyimbo ili tujue wazee walisema anajificha wapi, na nyingi zilielekeza kwenye matete ya nyuma ya nyumba ya pampu, pale pale Baba alipofanya kazi mpaka akastaafu. Waya akatundika masanduku yake huko, yanayonasa sauti yenyewe mchana na usiku, halafu kompyuta aliyoifundisha kwa ile kanda ya zamani inatafuta mlio unaofanana. Mama Darubini alipima maji na tope. Muda mrefu hatukupata chochote cha maana. Kompyuta ilituletea vyura, breki za baiskeli, na siku moja Shangazi akigombana na muuza maziwa. Waya alisema katika sauti zote za mwezi ule, Shangazi ndiye aliyemkaribia ndege zaidi. Nilimwambia Shangazi, naye bado anamtafuta huyo Waya.

Kisha asubuhi moja Waya aliingia mbio bila kubisha hodi, kiatu kimoja hakijafungwa. Kompyuta ilikuwa imepata mlio unaolingana na kanda karibu kabisa. Haukuwa wa siku moja. Alirudi nyuma kwenye rekodi akaukuta asubuhi nyingi, saa ile ile kabla ya jua, mahali pale pale. Mama Darubini alikaa sakafuni. Alivua darubini, akaiweka mapajani, akasema kazi yake yote imekuwa kuandika taarifa za vifo, na huyu ndiye wa kwanza kufufuka. Kaka, nilifurahi kuliko siku nilipopata shahada. Taarifa ikapelekwa, halmashauri ikasimamisha ujenzi, na lori la kwanza, lililokuwa limeshafika na udongo wake, likageuzwa likarudi.

Hapo mimi nilikuwa bado sijamsikia huyo ndege. Naona utashangaa, lakini ndivyo tulivyofanya kazi. Maneno yalikuwa yangu, sauti zilikuwa za Waya. Alinionyesha michoro, mistari ya juu na ya chini, mmoja wa kanda ya zamani na mwingine wa kinamasi chetu, na kweli ilifanana kama mapacha. Nilimwamini.

Nilimsikia kwa mara ya kwanza siku ya mkutano, ile siku ya picha. Ukumbi ulikuwa umejaa, wakubwa wa halmashauri wamekaa mbele wamenuna, wanafunzi wamesimama mpaka mlangoni. Mpango ulikuwa Waya awasikilizishe watu sauti, Mama Darubini aeleze, kisha mimi nighani wimbo wa zamani wa kipenga. Waya akabonyeza. Spika zikatoa mlio mmoja. Kimya kirefu. Kisha miwili. Kimya tena. Kisha mitatu. Watu wakapiga makofi, wengine wakasimama. Mama Darubini alieleza kwamba huo ni mwito na majibu, na kwa maoni yake hao ni ndege watatu, pengine wazazi na kinda wao. Alisema kwa hiyo wanazaliana.

Nilisimama nikaghani wimbo wangu mpaka mwisho. Sijui niliwezaje. Picha ilipigwa nilipokuwa nashuka jukwaani, na sasa unajua ile ndimu ilikuwa ndimu gani.

Kaka, hakuwa kipenga. Alikuwa Baba.

Unakumbuka koo lake lilivyokuwa bovu, hawezi kupaza sauti. Alfajiri zile za pampu alijifunza mluzi wa kipenga kutoka kwa ndege wenyewe, ndio aliotumia kutuita tukichezea huko matopeni. Mmoja ulikuwa wako, miwili yangu, mitatu ya mdogo wetu Kidoti. Na hakuwa akifunga mlango mpaka sote watatu tuwe ndani. Kidoti alipotutoka kwa ile homa, Baba aliacha. Hakupiga mluzi tena hata mmoja. Tukawa tunaitwa na Mama kwa jina, na nadhani ndivyo tulivyosahau. Lakini kule ukumbini, mwishoni mwa kila mlio, nilisikia kile kikwaruzo cha jino lake lililovunjwa na mkono wa pampu. Hakuna ndege mwenye jino.

Wikiendi ile nilikwenda nyumbani bila taarifa. Nilimkuta Shangazi anafua, nikamuuliza Baba hutoka saa ngapi asubuhi. Aliendelea kufua shuka lile lile kwa muda, kisha akasema huwa anaenda kunyoosha miguu. Nikamwambia asinifiche. Ndipo aliponiambia. Alisema Baba amekuwa akipotea kidogo kidogo. Mchana anamwita yeye kwa jina la marehemu Mama. Kuna siku aliuliza pampu inaendeshwa na nani. Hakutuambia kwa sababu wewe uko mbali na mimi nina mambo ya ndege, na alitumaini kwamba yatapita. Alfajiri anaamka, anavaa lile koti la kazi, anatoka, anarudi jua likiwa juu na viatu vimejaa tope. Shangazi alijaribu kufunga mlango kwa komeo, Baba akalia kama mtoto, ndipo Shangazi akamwachia.

Kesho yake nilimfuata. Alisimama nyuma ya nyumba ya pampu, karibu kabisa na sanduku la Waya, akiwa wima kama zamani. Akaita kwa mluzi mmoja. Akasubiri. Alisubiri sana, Kaka, kichwa amekiinamisha upande kama mtu anayesikiliza hatua. Kisha akaita miwili. Nikatoka kwenye matete, nikamwendea, nikamwambia nimekuja, Baba. Alinitazama kwa heshima zake zote, akavua kofia, akaniomba samahani kwa kunisumbua mapema hivyo. Akasema anawaita watoto wake, wameenda kucheza na jua linachomoza, je, mama, hukuwaona njiani, wako watatu. Nikasema sikuwaona. Akanishukuru, akageuka, akaita mitatu.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo hujaliona gazetini, kwa kuwa halijatoka. Nilikaa na siri hii kwa muda. Nilijiambia mchana na usiku kwamba nikinyamaza kinamasi kinapona, Baba anapata mahali pa kuitia, na hakuna anayeumia. Lakini Mama Darubini alikuwa ameanza kupanga kwenda kumpiga picha yule kinda. Alinunua hata viatu vipya vya matopeni, akaja kunionyesha. Nilishindwa. Nilifunga mlango wa ofisi nikamwambia yote. Aliniuliza kama kuna mwingine anayejua, nikasema hakuna. Kisha akaniomba nimsaidie kuvua viatu vile vipya kwa sababu vilikuwa vinambana, nikapiga magoti nikamvua. Akasema ataandika barua ya kufuta taarifa yeye mwenyewe, jina langu na la Baba yasitajwe, aandike tu kwamba sauti ilikuwa ya binadamu. Sikumsihi asiandike. Naye hakuniuliza kama nilitaka nimsihi.

Waya alipoambiwa alisema mashine haikukosea, imesikia ilichofundishwa. Alisema hata sasa, ukiweka kanda ya zamani na sauti ya Baba, ya Baba ndiyo safi zaidi. Ndege wa ile kanda alirekodiwa mbali huko, Baba alifundishwa na hawa wa hapa. Mama Darubini ameomba kuihifadhi sauti ya Baba kwenye maktaba ya sauti ya chuo. Mimi niliyezunguka miaka yote kutafuta watu wanaomkumbuka kipenga kwa maneno, sikuwahi kumuuliza baba yangu swali moja. Na sasa nikimuuliza ananiambia subiri, watoto wakirudi tutazungumza.

Malori yameanza tena tangu juzi. Udongo umeshafika kwenye ukingo wa matete, na nyumba ya pampu imewekewa alama nyekundu. Kipenga hayupo, Kaka, na sidhani kama yuko popote. Baba bado anakwenda. Dereva mmoja, mtu mwema, huzima injini akimwona, anangoja amalize, kisha anamwaga mzigo wake. Nimehamia nyumbani, nalala chumba chetu cha zamani, naamka naye. Kila siku nasimama kando yake, kila siku naulizwa kama nimewaona.

Siandiki nikuombe uje umponye. Daktari alisema mambo haya hayarudi nyuma, na alisema bila kuzunguka. Wala sikudanganyi kwamba atakutambua. Hatakutambua, atakuvulia kofia kama alivyonivulia mimi. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye wa kwanza kuitwa. Huo mmoja ndio anaousubiri kuliko yote, na mimi siwezi kuuitikia, si wangu.

Nisalimie wifi na watoto, wape mikono mmoja mmoja. Ile picha ibandue ukutani, nakuomba. Shangazi anasema goti ulikande kwa maji ya moto. Baba hakukutumia salamu, kwa sababu anaamini uko hapa nje tu, unakaribia kurudi.

Wako,
Wa miluzi miwili