Wananiita Mwalimu wa Ghorofa ya Tano

Mpendwa mshauri Nekesa,

Pokea salamu za kutoka Pipeline, sisi tuko wazima, na naomba unisaidie haraka kwa sababu siku zimebaki kumi na moja. Usiangalie sana mwandiko, naandika kwa penseli ndio nikikosea nifute, na hili daftari ni la mtoto la mwaka jana, hizi ni kurasa za nyuma.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa ni Whitney, juzi amemaliza gredi ya sita. Baba yao Ondiek anafanya kiwandani, wiki hii mchana wiki ijayo usiku, na mimi nauza mboga hapo chini kwa mlango wa ploti, ikifika jioni napanda na sukuma za wateja mpaka ghorofa ya tano, naketi kwa kiti kidogo nje ya mlango wangu nakatakata, kwa sababu balbu ya korido ni ya landilodi, inawaka mchana na usiku bila kumaliza tokeni ya stima ya mtu, na wewe ukikuja huku utaona hata saa nane mchana ndani ya nyumba ni giza kama ndani ya gunia.

Sasa shuleni kwa kina Whitney kuna sheria, kila jioni mtoto asome kwa sauti mzazi akisikiliza, halafu mzazi atie sahihi kwa daiari, na bila sahihi mtoto anasimamishwa asubuhi mbele ya wenzake. Mimi niliishia darasa la pili, mshauri, mama aliaga nikabaki na wadogo wangu, na shule ikaishia hapo. Kwa hivyo Whitney alipoingia gredi ya nne nilikuwa namwambia, keti hapa, soma, yeye anasoma mimi nakata sukuma. Sikujua anasoma nini lakini sauti yake naijua tangu azaliwe. Mtoto akifika mahali hajui, sauti inashuka kidogo, anameza lile neno na kupita mbio kama mtu anaruka mtaro, na mimi bila kuinua kichwa namwambia, rudia hapo. Anarudia. Siku moja akaniuliza, "Mathe, kwani hiki kitabu chote umekishika kwa kichwa?" Nikamwambia, soma, wacha maneno.

Halafu Gordon akakuja, mtoto wa jirani yangu Truphena, kwa sababu Truphena akirudi kutoka kazini ni wa kulala na viatu. Halafu wakaongezeka, watoto ambao mama yao yuko shifti ama baba yao hafiki mapema, mpaka wakawa sita wamejipanga kwa ukuta, na wote nikawa nawatilia sahihi, sahihi sita kila jioni, na jirani wakipita wanaruka miguu ya watoto. Kuna kasichana kanaitwa Nalianya, wakati kalikuja kalikuwa kanasoma kama mtu anachagua mawe kwa mchele, neno moja, kunyamaza, neno moja, na saa hii, mshauri, ukiwa ghorofa ya tatu unamsikia Nalianya akisoma na unafikiri ni redio. Nikimsikia naacha kukata. Sijui kama ni vibaya kujisikia hivyo na mtoto si wangu.

Na mimi pia kitu kikaanza polepole. Nilikuwa naweka kisu chini, nafuata kidole cha mtoto, naona maneno mengine yanarudi, hili tuliliona jana, hili liko pia kwa mfuko wa unga. Mwezi wa saba landilodi akabandika karatasi kwa ngazi, watu wakapita tu, mimi nikasimama na karai langu kichwani nikaweka kidole, nikaona maji, nikaona Jumatano, nikaona kwa sababu, basi nikapanda nikiambia kila mlango wachote maji. Wengine walicheka wakasema sasa mama mboga amekuwa msemaji wa landilodi. Jumatano mifereji ikakauka siku tatu, na korido yetu peke yake ndio ilikuwa na mitungi imejaa. Kutoka siku hiyo wakaanza kuniita mwalimu wa ghorofa ya tano.

Hapo ndipo nilikosea. Truphena alikuja kumchukua Gordon, akasimama hapo ameshika kiuno, akaniambia, "Mama Whitney, kumbe wewe ni mwalimu mzima na unatuuzia dania tu. Ulifundisha wapi?" Ningesema ukweli, ulikuwa hapo kwa ulimi, lakini mdomo ukasema, "Huko nyumbani Ugunja, zamani." Whitney alikuwa anafunga kitabu. Aliniangalia, akafunga kitabu, akaingia ndani. Mpaka leo hajaniuliza kitu, na sijui anajua ama hajui, na hiyo kunyamaza kwake naisikia kuliko angepiga kelele. Na Truphena akaambia wengine.

Sasa shule ilifungwa mwisho wa Oktoba, lakini kila mwaka kabla watu hawajaenda ushago, kwao mashambani, kunakuwa na siku ya Krismasi ya shule, pale kwa ukumbi wa kanisa, Jumamosi, wale wadogo wa kumaliza chekechea wanavaa majoho, wazazi wanapika pamoja, na watoto wanarudi kila wikendi kufanya mazoezi. Mwaka huu Whitney ndiye anaongoza shairi, yeye anasema mstari wenzake arobaini wanaitikia. Wiki iliyopita mwalimu mkuu, Bi. Nzisa, akakuja mwenyewe mpaka kwa meza yangu ya mboga. Akaniambia, "Mama Whitney, watoto wa korido yako ndio wanasoma vizuri kuliko wote, na tumeulizana ni nini kiko huko juu. Mwaka huu somo la kuzaliwa kwa Yesu halitasomwa na mwalimu, litasomwa na mzazi, na wazazi wote wamekutaja wewe. Na usiondoke mapema, kuna zawadi." Nilimfungia nyanya sita na alikuwa amelipia nne, nikasema asante mwalimu, na alipoenda nikakaa juu ya kreti.

Mshauri, mimi sijui kusoma. Nimesema. Vile najua ni kuweka kidole na kutembea nacho kama mtu anavuka mto kwa mawe, na hiyo ni nikiwa peke yangu. Nimefungua hilo somo nikalijaribu Ondiek akiwa kazini, na kuna jina la gavana mmoja wa kizamani hapo mwanzo, ulimi wangu umelikataa kabisa. Nikisimama pale mbele ya watu mia tatu nisome kama mtoto wa gredi ya kwanza, watasema huyu ndiye amekuwa akitia sahihi kwa watoto wetu? Watasema ni mwongo, na si watakuwa wamesema kweli? Na Whitney yuko hapo mbele kabisa na shairi lake.

Kwa hivyo nimemwambia Ondiek tusafiri Ijumaa, siku moja kabla. Akasema, "Sawa, nauli pia haijapanda. Lakini Whitney si ana mambo yake Jumamosi?" Nikasema ataelewa. Bado sijamwambia Whitney. Jana nimemkuta anapiga pasi rinda langu la buluu lile la harusi ya shemeji, na halijachakaa halina haja ya pasi, akaniambia, "Mathe, hiyo siku ukimaliza kusoma usikimbie kukaa. Simama kidogo watu wakuone."

Nimeshindwa kulala na nimeshindwa kula. Niende Ugunja Ijumaa nimnyime mtoto siku yake, ama nibaki Jumamosi aone mama yake akichekwa? Na Whitney nimwambie, na nikimwambia nitaanzia wapi? Nijibu mapema, nitanunua gazeti kila siku mpaka nione.

Ni mimi,
Mama wa mboga, Pipeline

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa mboga,

Barua yako imeruka foleni. Wenye shida za wapenzi watangoja, wao hawana Jumamosi. Majina yote nimeyageuza, na kata uliyoandika bahashani nimeifunika, kwa hivyo tulia usome.

Ugomvi kwanza, ndio tuumalize. Ulidanganya. Truphena alikupa sifa ya kweli na wewe ukamrudishia uongo, na jibu zuri lilikuwa hapo hapo mdomoni mwako: niliishia darasa la pili, na angalia mtoto wako anavyosoma. Hebu lisome tena uone lilivyo zito. Umelificha jambo la kujivunia ukavaa cheo cha kuazima.

La pili ni baya zaidi. Unataka kumpandisha Whitney basi siku moja kabla ya shairi lake, ili mtoto wa miaka kumi na miwili abebe aibu ambayo hajaitenda. Mzee wako amekuuliza swali la maana ukamjibu ataelewa. Ndiyo, ataelewa, na hapo ndipo pabaya. Ataelewa kwamba mama yake alikimbia kitabu. Safari ni Jumapili. Nauli ikipanda, ipande.

Sasa pumua, nimemaliza kukugombeza.

Unaniuliza kama Whitney anajua. Mama, mtoto amekusomea miaka mitatu, jioni kwa jioni, goti lake likigusa goti lako, asijue anamsomea nani? Anajua kidole chako kilianza lini kufuata chake. Anajua, na bado amelipiga pasi rinda ambalo halina haja ya pasi. Huyo hajanyamaza kwa kukuonea haya. Amekuachia nafasi umwambie mwenyewe.

Kwa hivyo mwambie leo. Usimwite chumbani kama mtu aliyefiwa. Keti kwa kiti chako hapo koridoni, weka kisu chini, sema: sikuwahi kufundisha, siku ile nilisema uongo, na Jumamosi naogopa. Ukishasema hayo, nyamaza, umwache na yeye aseme.

Kesho nenda kwa Truphena, kabla hajaenda kazini, umwambie vilevile kwa mdomo wako. Akicheka, mngoje amalize. Hana la kuendelea nalo, Gordon wake anasoma.

Halafu nenda kwa mwalimu mkuu. Usiende kuomba akuondoe. Mwambie ukweli wa darasa la pili na wa zile sahihi sita, maana wale watano si wako na wazazi wao walipaswa kujua. Lakini hilo lisikulaze macho kama lile la kwanza. Ile daiari iliuliza kama mtoto amesikilizwa. Alisikilizwa, tena na sikio ambalo wenye vyeti wengi hawana. Kisha mwombe somo ligawanywe: uanze wewe, watoto sita wapokezane katikati, umalizie wewe. Yule gavana mwachie Nalianya, ana sauti ya kumtosha.

Na kuanzia leo jioni mgeuze viti. Wao wakuchambulie dania, wewe ushike kitabu na usome kwa sauti. Sauti yako ikishuka, wakuambie lile neno lako. Siku hiyo ukiwa mbele ya watu weka kidole, usikifiche. Soma polepole kama unavuka mto kwa mawe, wanaovuka hivyo hufika ng'ambo na nguo kavu. Mtu akicheka nyuma huko, mwache. Hakuchota maji kabla ya Jumatano.

Ukimaliza fanya kama ulivyoagizwa na mwenye shairi. Simama kidogo.

Januari mkirudi kutoka Ugunja, uliza kwa chifu darasa la ngumbaru, lile la watu wazima, liko wapi karibu na kwenu, ujiandikishe. Kaa mbele. Na viti vya korido usivifunge, kuna watoto wengine wanapanda ngazi wakikua.

Sasa la mwisho, halafu ukakate sukuma. Barua yako ni kurasa sita, kwa penseli, na hapo kwenye Jumatano umefuta mpaka karatasi ikatoboka. Hujasema umeandikiwa na nani, kwa sababu hakuna aliyekuandikia. Nimeisoma hapa ofisini kwa sauti, kutoka salamu hadi jina, mara moja tu, na nimekuelewa kila mahali. Sauti yangu imeshuka mahali pamoja, ukurasa wa tano, pale ulipoandika kwamba hujui kusoma.

Rudia hapo.