Kwa Bashir, Mpiga Mbizi: Kamba Yako Imerudi Nyumbani

Mwaka umetimia, Bashir, tangu ile asubuhi uliyobeba mtungi wako wa hewa begani ukaingia garini na wale mabwana wa serikali, wa miwani nyeusi. Mahfudha alisimama mlangoni. Ulimwambia, "Mke wangu, pasha mafuta, nakuletea masikio yangu." Ilikuwa Agosti 1978, na siku zile mtu hakuuliza anapelekwa wapi.

Tunakuandikia sisi wa nyumba ya Makindye, na aliyeshika kalamu ni dada yako Rukiah. Unaujua ulimi wake. Siku hizi, serikali ile imekwisha kuanguka, watu wanasema bila kugeuka nyuma, basi naye atasema.

Tunakumbuka ulivyorudi kutoka Mombasa ukiwa kijana, umejifunza kuzamia, kichwa kimekuvimba! Kila mgeni lazima asikie habari za Pemba ulikozamia: matumbawe ya kila rangi, na ile minara ya mawe iliyosimama chini ya bahari, unashuka kandokando yake mpaka jua linabaki dogo kama sahani. Samaki wanaizunguka, ulisema, kama watu wa soko la Nakasero kesho yake ikiwa sikukuu. Ziwa letu ulilidharau. "Haya si maji, ni uji. Mkono wangu mwenyewe siuoni." Mahfudha akakujibu, "Uji huohuo ndio unaotulisha, bwana wee."

Lakini ziwani ndiko tulikoujua moyo wako. Kazi yako ilikuwa kutoa maiti za waliozama, na ulipompata mmoja hukupanda naye. Uliifungua kamba kiunoni mwako, ukamfunga yeye, ukamfunika uso kwa kitambaa chako, ukamtuma juu kwanza. Wewe ulibaki gizani ukingoja kamba ishuke tena. Wenzako walisema ni wazimu. "Yeye amengoja kuliko mimi," ulijibu.

Jioni ulilaza kichwa kwenye paja la Mahfudha akutie masikioni mafuta ya simsim ya vuguvugu. Hapo ndipo alipopata habari zote za kazi, na siku moja alipata ambayo hakuitaka. Ulikuwa umezamia karibu na kisiwa kimoja, penye mwamba unaopanda kutoka chini. "Wako watu kule," ulisema. "Wamefungwa mawe miguuni. Wamesimama, Mahfudha. Wamesimama kama minara yangu." Alikuziba mdomo kwa kiganja, jirani asisikie. Tangu siku hiyo hukula samaki tena, na ukioga tulikusikia ukisema peke yako, "Ngojeni. Ngojeni kidogo."

Ulipokosa kurudi, sisi tulijua. Mahfudha hakutaka kujua. "Mume wangu ameogelea bahari nzima," alisema, "na visiwa vimejaa ziwani. Yuko mahali anakula ndizi za watu." Kila jioni alipasha mafuta. Alijifukiza udi, akavaa ile kanga ya machungwa uipendayo. Lile pipa la uani, ulilokuwa ukijaribia mtungi, alikataza mtu asichote maji yake. Alisema linapumua. Mchana kweupe, kuku wakiparura, alisikia pumzi yako mle ndani, ikivutwa, ikitolewa. Rukiah alimcheka. Kisha Rukiah naye akasikia, na hajacheka tena.

Mwezi uliopita alikuja Otema, mshika kamba wako, na kamba yenyewe mkononi. Hakutaka kiti.

"Mama, hawa watu ya miwani walikuwa natafuta sanduku yao," alisema. "Walisema ilianguka kwa mwamba. Mzee Bashir naingia, nakaa, kisha navuta kamba: mzigo tayari. Mimi nafurahi, nasema ni sanduku. Kumbe mwanamke. Amefungwa vizuri, na kitambaa ya mzee iko kwa uso."

"Na yeye?" Mahfudha aliuliza.

"Yeye nangoja kamba, mama. Kama kila siku. Wale walikasirika, wao nafungua kamba, nasukuma mwanamke kwa maji, naambia mimi washa injini ya boti, twende." Akagusa shingo. "Bunduki ilikuwa hapa. Lakini mkono iliwasha ni hii yangu."

Mahfudha hakupiga kelele. Aliipokea kamba, akaifuata kwa vidole mpaka ncha, kisha akamletea Otema chai.

Kilichomvunja ni neno la Maalim Kamis. Alimweleza kwa upole kwamba eda yake, miezi ile ya mjane kukaa bila pambo wala manukato, imekwisha kupita, maana huhesabiwa tangu siku ya kifo, si siku ya habari. Hapo ndipo alipolia, Bashir, akalia mpaka tukaogopa. "Eda ya mume wangu nimeikaa na udi mwilini! Na kanga ya machungwa!"

Dua tuliisoma Ijumaa. Maalim alipotaka kuanza na jina lako, Mahfudha alisema kutoka nyuma ya pazia, "Aanze yule mwanamke."

"Nani jina lake?"

"Hatumjui."

"Ni Mwislamu?"

"Maalim, Bashir hakumuuliza kabla ya kumfunga kamba."

Maalim akainua mikono. Tulimwombea yeye kwanza, na wewe baadaye, kama ulivyofanya kazi yako siku zote.

Sasa Mahfudha anachota maji ya pipa kuoshea vyombo. Linapumua bado. Anachota hivyohivyo.

Wanaokukumbuka ni mkeo Mahfudha; wanao Tajudin na Hajara; dada yako Rukiah; na Otema, anayezunguka fukwe zote za ziwa akitafuta mtu anayejua kuzamia, ili ampeleke kwenye ule mwamba. Kamba ameiacha kwetu, juu ya msumari wa mlangoni, mpaka ampate.

Hujatutoka moyoni hata siku moja, Bashir, wala wale uliowaambia wangoje. Nawe ngoja kidogo. Kamba inashuka.