Mkono wa Kulia na Gunia la Pamba

Jumatatu, 3 Februari

Naandika kwa kushoto. Herufi zinayumba kama walevi, lakini nani wa kuzisoma? Wiki ya saba tangu kiharusi. Mguu unaburuzika, ulimi mzito, na mkono wa kulia — basi tu. Unaning'inia. Miaka thelathini na moja umeshona nguo za watu, leo haushiki hata kijiko.

Asubuhi dada yangu mkubwa kafika na gunia la pamba kutoka shambani kwake. Pamba mbichi, ina mbegu na majani makavu. Kalibwaga katikati ya chumba. Eti kaongea na yule wa mazoezi ya viungo, kaambiwa mkono upewe kitu laini: uchambue, usokote. Eti mkono ni kama mtoto mvivu, ukiuacha ulale utalala moja kwa moja. Nikamwambia — kwa ulimi huu, karne nzima! — mimi fundi wa nguo, si mtengeneza nyuzi. Kacheka. "Basi anza mwanzo."

Chumba cha cherehani kimefungwa tangu nianguke. Mle ndani lipo gauni la harusi la binti yangu. Limebaki mikono, shingo na upindo. Harusi Jumamosi, tarehe moja Machi. Niliapa nitalimaliza mwenyewe. Naapa tena.

Alhamisi, 6 Februari

Kuchambua mbegu. Nani angejua pamba ina roho ngumu hivi! Nyuzi zimeng'ang'ania mbegu kama kupe. Kushoto: bakuli zima. Kulia: mbegu nne. Asubuhi nzima, nne. Ya tano iliteleza ikaingia chini ya kitanda, na mimi kuinama siwezi. Nikalia. Kwa mbegu ya pamba!

Baba Watoto kaingia kauliza ngapi leo. Nikasema ishirini. Kafurahi, mume wangu, mpaka nikaona haya.

Jumamosi, 8 Februari

Pamba iliyochambuliwa lazima ichanwe ili nyuzi zilale upande mmoja. Zinatakiwa brashi mbili za waya. Baba Watoto kaniletea zake za kukwangulia geti. Moja nikaibana magotini, nyingine kushoto. Nikachana weee! Pamba ikatoka ya kahawia, kutu tupu, na chembe za rangi ya kijani. Tukacheka wote wawili, mara ya kwanza tangu Desemba. Halafu yeye akaendelea kucheka na mimi nilikuwa nimeshaacha.

Jioni karudi na brashi mpya, za kuchania mbwa. Mbwa hatuna.

Jumanne, 11 Februari

Kusokota. Nimechomeka sindano ya kufumia kwenye gurudumu la gari la kuchezea. Unaizungusha ikining'inia, na pamba inajisokota kuwa uzi. Kwa maneno, rahisi. Ila inataka mikono miwili: mmoja uzungushe, mwingine ubane pamba na kuiachia kidogo kidogo. Mkono wangu wa kulia hauna kidogo kidogo. Uzi unakatika, sindano inaanguka. Ta! Nilihesabu mpaka arobaini nikaacha kuhesabu.

Na uzi wenyewe! Hapa unywele, pale kidole. Nyoka aliyemeza mayai.

Kitu kimoja nimekielewa. Nyuzi za pamba ni fupi. Ukivuta kabla hazijajisokota vya kutosha, umekwisha. Ungoje msokoto upande juu, ndipo uvute. Kichwa kinajua. Mkono haujui.

Jumatano, 12 Februari

Cherehani yangu inashona.

Nilidhani ni masikio. Saa nne asubuhi, upande wa pili wa ukuta: tra-tra-tra. Kimya. Tra-tra. Ile mashine naijua kama kikohozi cha mume wangu. Na aliyeikanyaga namjua: Sindano, msaidizi wangu wa zamani. Jina hilo ni la wembamba wake. Nilimfundisha miaka mitano, akaenda kufungua duka lake, nikajivuna naye kila mahali.

Binti kaleta chakula. Nikaonyesha ukuta. Kaweka sahani chini polepole. Kasema walikuwa wanangoja nipate nguvu ndipo waniambie. Baba ndiye aliyetoa ufunguo. Kasema, mama, mimi ningevaa hata hilo gunia la pamba, lakini siku haitungoji. Akanishika mkono. Kashika wa kulia. Sikusikia kitu.

Alhamisi, 13 Februari

Sisemi na mtu.

Jumapili, 16 Februari

Siku ya nne. Wao na cherehani, mimi na pamba. Baba Watoto kakaa mlangoni muda mrefu. "Mama Watoto, hakuna aliyekunyang'anya kitu." Sikugeuka.

Vitu vya mtu hugawanywa akishazikwa. Mimi nimegawanywa nikiwa napumua. Na wamefanya kwa upole, kwa kunong'ona, wakinipikia uji — hapo ndipo panapouma. Wangekuwa wabaya ningewachukia, nikapata usingizi.

Najiona siku ya harusi. Nimeegeshwa kwenye kiti pembeni. Watu wanapita wananipa pole. Wanalisifu gauni, wanamuuliza Sindano duka lake liko wapi.

Uzi umekatika mara sitini leo. Bora hata ungekatika uzi mwingine, ule wa pumzi zangu.

Jumanne, 18 Februari

Uzi umetoka! Urefu wa mkono mzima, begani mpaka kidoleni, bila fundo hata moja. Kulia kumebana. Nimeviona kwa macho yangu, kidole gumba na cha shahada: vikabana, vikaachia, vikabana. Nilitaka kumwita binti. Nikakumbuka kuwa sisemi naye.

Hapohapo mlango ukagongwa. Sindano. Gauni mikononi, limefunikwa shuka. "Shikamoo, Fundi." Kapiga goti mbele ya kiti changu kama enzi zile za kujifunza. Kasema shingo imemshinda. Inafura mbele, haitaki kukaa. Kaifumua mara tatu. Binti atalijaribu Alhamisi.

"Fundi, nikunje ndani au nikate?"

Jibu nililiona kabla hajafunga mdomo. Kunja ndani kidogo, penye mshono wa bega. Basi. Kitambaa kile hakina akiba, ukikata pale shingo yote itafunguka, na kingine hakipatikani.

"Nikate?" Kaonyesha kwa vidole, upana wa viwili.

Nikaitikia kwa kichwa.

Kanishukuru! Kanibusu mkono, huu wa kulia, kaondoka na gauni lake. Gauni langu. Nimebaki na uzi mzuri mapajani. Sikuweza hata kuutazama.

Jumatano, 19 Februari

Cherehani kimya. Sindano yuko dukani kwake. Labda hajakata. Labda anangoja aone mwilini kwanza, nilimfundisha hivyo.

Maneno matatu tu: usikate, kunja ndani. Ulimi wangu ni mzito, haujafa. Baba Watoto angempelekea ujumbe leo hii. Nilifungua mdomo mezani. Kauliza, unataka maji? Nikafunga. Nikafungua tena. Kauliza, maji? Nikasema ndiyo. Maji.

Nimekunywa bilauri mbili.

Alhamisi, 20 Februari

Wapo mle ndani sasa hivi. Binti, Sindano, na dada kaja kuona. Nasikia kila kitu. Binti anacheka, eti pini ni za baridi. Dada anapiga vigelegele vya majaribio. Sindano anamwomba binti asimame wima. Kasema shingo ataikata hapa, upana wa vidole viwili, Fundi mwenyewe kaelekeza.

Halafu binti: "Mama? Mama kaelekeza?"

Sauti ile! Siku nane sijamjibu salamu. Nilidhani sauti yake nimeizoea, sikujua ina furaha kiasi hicho. Kasema kumbe mama hana kinyongo, kasema basi kata, Sindano, kata kama alivyosema.

Nikaita. Umetoka upepo. Nikachukua brashi ya mbwa nikagonga ukuta, mara tatu. Dada kasema, mnamsikia? Anashangilia!

Wakacheka wote watatu.

Kutoka hapa mpaka mlango ule ni hatua tisa. Jana kwenye mazoezi nilitembea kumi na mbili, Baba Watoto alizihesabu kwa sauti. Na bado nimekaa. Nimechukua daftari. Mwanangu amesimama na pini shingoni na mimi naandika.

Binti kasogea ukutani. Sauti yake iko hapa, karibu na sikio langu. "Mama, unasikia? Gonga mara moja tukate."

Wamenyamaza. Wananingoja mimi —