Sifuri ya Wangapi?

Jumamosi, katikati ya Aprili. Mvua imeanza kabla sijaamka na haina dalili ya kuchoka. Nguo nilizofua Jumatano bado mbichi, na moyo wangu nao hivyo hivyo.

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya usaili wa lile shindano la kuimba la kwenye televisheni. Miaka yote hufanyika Dar. Safari hii wamekuja Mbeya mjini, pua na mdomo na hapa kwetu Tukuyu, na Subilaga hakwenda.

Subilaga ni binti wa mama mwenye nyumba wangu. Nilimfundisha hesabu hadi akamaliza kidato cha nne. Sasa anashona nguo barazani na kuimba kwaya, na akiimba, hata mimi mtu wa Singida nisiyejua Kinyakyusa machozi hunitoka. Mwezi mzima alikuwa akijifua kwa ajili ya usaili huu. Gauni alishajishonea.

Jumatatu ikaingia ile picha kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, ambalo nami nimo. Ramani ya Tanzania, mikoa mingine imepakwa rangi, huku kwetu kumeachwa kweupe. Chini yake wameandika: "Washindi kutoka Mbeya: asilimia SIFURI. Majaji wanatubagua!" Kufikia jioni Tukuyu nzima ilikuwa nayo.

Sifuri ya wangapi?

Ndilo swali pekee nililouliza kundini. Wangapi kutoka huku waliwahi kusimama mbele ya majaji hao? Mimi simjui hata mmoja, maana nauli ya Dar si mchezo. Nikaitwa wakala wa majaji. Mwingine akasema sisi wa kuja hatuna uchungu na hapa. Sisemi upendeleo haupo. Huenda upo. Ila picha ile haiwezi kuuthibitisha.

Jana niliingia jikoni kwao nikajaribu kueleza kwa mfano wa maparachichi. Nikamuuliza mama yake, kama hujapeleka hata tunda moja sokoni, utasemaje soko limekukatalia? Akacheka kwa upole, akanisogezea kigoda na kunishukuru.

"Ndaga, mwalimu, kwa kumpenda mwanangu. Lakini hao waliopiga hesabu ni wasomi. Sitaki akaaibishwe mbele ya nchi nzima."

Nikamgeukia Subilaga. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua macho.

"Madam, si wewe uliyetuambia hesabu haina upendeleo?"

Niliwaambia hivyo, tena kwa kujivuna, mwaka baada ya mwaka.

Asubuhi nilimgongea na mwavuli mkononi, nikamwambia nitampeleka mwenyewe. Akasema ana nguo za watu za kumalizia. Kutwa nzima nimesikia magari ya Mbeya yakipiga honi barabarani, na kila honi imeniuma.

Nimekata tamaa, sina sababu ya kuficha. Najua lilipo kosa, na kujua kwangu hakujasaidia kitu.

Sasa jioni imeingia, usaili umefungwa. Upande wa pili wa ukuta cherehani imenyamaza, na Subilaga anaimba taratibu wimbo wa kesho kanisani. Mwakani mtu atahesabu tena, atapata sifuri ileile, ataichora upya ramani yake. Nani atamwambia kwamba huyu hakuna jaji aliyewahi kumkataa?