Capteur ya Motoka ya Shemeki Kabeya

Kazi moja, siku ya kwanza ya juma, tarehe 8 mwezi wa tatu
Kama miye sikuwe, Lubumbashi yote ingetembea na miguu. Hata bakubwa ba serikali, motoka zao zikikohoa, ni jina yangu banaita. Leo nilimaliza kutengeneza karbiratere mbili mbele ya chai. Kisha shemeki Kabeya, bwana ya Odile, muloko yangu, mudogo wangu wa tumbo moja, akaleta Toyota yake. Ikisimama, moteri inaimba muzuri. Ukikanyaga pedali inashituka, nguvu inakufa. Nilimuambia ni esanse, mafuta ya motoka, njo muchafu. Kazi ya saa moja.

Kabeya ni muntu wa Kasai. Bantu ba Kasai banafukuzwa, banaambiwa Katanga haiko yao. Siku ya posho, mwisho wa juma hii, iko anaondoka, na Odile, na batoto. Bapite Kasumbalesa, baingie Zambia.

Kazi mbili, 9
Nimesafisha filtre ya esanse. Nimebadirisha buji zote ine, zile za kuwasha moto mu moteri. Bure.

Kabeya alisimama kando, mikono mu mifuko. "Shemeki, ulisema saa moja."

Nilimujibu, saa ya moteri haiko saa ya mukono. Hakucheka.

Jana, hapa mu mutaa yetu ya Kenya, balivunja nyumba ya mwalimu mumoja wa Kasai. Mu barabara vijana bamepanga mapipa, banasimamisha motoka, banatafuta bantu ba Kasai. Motoka ikizimika pale, nani atabasaidia?

Naogopa.

Kazi ine, 11
Nimeipata. Haiko esanse. Ni capteur, kale kasanduku kanapasha moteri habari ya pedali, kanakaa ku papillon, kamulango ka hewa. Nilitia multimetri ya kupima umeme, nikafungua papillon pole pole. Mushale ulipanda, ulipanda, ukaanguka kwa zero, ukapanda tena. Njo pale.

Nilifungua kasanduku. Ndani, kidole kidogo cha chuma kinatembea juu ya njia nyeusi. Njia imelika pahali pamoja tu: pale mguu ya Kabeya ilikaa miaka yote akienda ku kazi, mwendo ule ule, kama padri mu misa.

Capteur mupya haina. Magazini, duka ya bipuri, imefungwa. Benyewe bamekimbia.

Kazi tano, 12
Nimekunja kile kidole, kidogo sana, kitembee kando, pahali njia haijalika. Mu Afrika hakuna mwengine wa kazi ile. Nikapima. Mushale unapanda bila kuanguka. Tuliendesha mupaka Naviundu, kando ya muji, na kurudi. Haikushituka hata mara moja.

Odile akasema: "Yaya, utajisifu mupaka tufike Kitwe, kule Zambia."

Nilimuambia, mupaka ufe. Kisha nikasikia haya. Muntu haambii muloko wake vile, juma hii.

Siku ya posho, 13
Bameenda.

Siku ya Mungu, 21
Dereva wa kamio ya mizigo ametoka Zambia. Alibaona Kitwe, bote bazima. Kabeya alimuambia ku mapipa balisimamishwa mara tatu, moteri haikuzimika.

Nilikunywa pombe peke yangu. Haikuwa tamu.

Kazi ine, 25
Muntu mumoja alileta Toyota, ugonjwa ule ule. Alisikia sifa yangu mu soko. Nilifungua kasanduku. Niliangalia. Nilisogeza mbali, nikasogeza karibu. Nikakafunga. Nilimuambia kamekufa kabisa, atafute kengine.

Haiko kweli. Kangetengenezeka.

Kale ka Kabeya, ni Odile aliona pale njia imelika, ni yeye alikunja kidole, na sindano yake ya kushona. Bintu bya karibu, macho yangu haibione tena. Miye nilishika tochi tu.