Baba Alivua Barakoa

Jumatatu, 2 Agosti 2021

Nimepangiwa Kikwe. Mimi na nesi mwenzangu Twahira, kwenye kliniki ya wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Tupime corona kila mtu – wateja na wafanyakazi.

Leo tulianza na wafanyakazi. Vituko! Watu hawahawa wanaoshinda wakimwambia mteja kupima ni kwa faida yako – mmoja kajifungia chooni, mwingine kakumbuka ana msiba. Sadoki, mshauri nasaha, alitokwa machozi kabla kijiti hakijagusa pua. Twahira akamwambia, kaka, hicho ni kijiti, si mkuki. Wateja kwenye benchi walicheka mpaka basi.

Halafu Sadoki huyohuyo ndiye aliyekutwa nayo. Kaondoka bila kuaga.

Jumatano, 4 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Wateja wa Kikwe wanazipenda barakoa. Mama mmoja kaniambia tangu zije anaingia kliniki kwa raha zake, hata jirani akipita hamjui. Na mimi ndiye wa kuwaambia zishusheni. Asubuhi nzima – shusha, inua uso, vumilia kidogo, tayari.

Kama saa nne akakaa mzee, kofia mpaka kwenye nyusi. Nikasema bila hata kumtazama, mzee, shusha barakoa.

Alikuwa Baba.

Baba yangu mimi! Mzee Elihuruma wa duka la nafaka Daraja Mbili, mzee wa kanisa. Kila mwezi huja Kikwe kununua maharage, na anarudi na gunia kweli. Nimeyala maharage hayo tangu niko shule.

Shikamoo ikanitoka yenyewe. Hakuitikia. Aliinua uso, akafumba macho. Kijiti kikaniponyoka. Twahira akauliza kulikoni, nikasema glovu zinanibana.

Mstari wa pili ukatokea. Ana corona. Nikamweleza kama ninavyomweleza mtu yeyote – ulale chumba chako peke yako, ukibanwa na pumzi uwahi hospitali. Akasema, sawa, nesi.

Nesi! Mimi, Aikande wake.

Alhamisi, 5 Agosti

Jana jioni alimwambia Mama kwamba kapimwa mnadani. Mama hakuuliza mnada gani unaopima watu. Kahamishia godoro lake chumbani kwangu, na tangu alfajiri anachemsha majani ya mkaratusi na mchaichai ili Baba ajifukize. Nyumba nzima inanuka dawa ya kikohozi.

Mama alipoenda gengeni nikasimama nje, dirishani kwa Baba. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu ulipokuwa kidato cha pili. Nikamuuliza, na Mama? Akasema, mwanangu, nilitaka kumwambia, nilikuwa nangoja siku nzuri.

Siku nzuri! Miaka yote hii haikupatikana hata moja?

Halafu akaniuliza, ulipoanza kazi uliapa, hukuapa? Niliapa. Basi mimi ni mteja wako, akasema, na mteja ana siri yake.

Namwonea huruma na ninatamani kumzaba kibao, Mungu anisamehe. Najua, akimeza dawa vizuri hamwambukizi mtu. Wateja nawaambia hilo kila siku. Lakini kabla hajaanza dawa? Nani ananiambia kuhusu hiyo miaka? Mama hajawahi kuumwa cha maana. Hicho si kipimo.

Nililia bafuni, bomba nimelifungulia.

Ijumaa, 6 Agosti

Dawa zake anazificha dukani, na tangu juzi hajatoka, hajameza. Nimeenda kuzichukua. Nimezitoa kwenye kopo lake maana likitikisika linalia, nikazifunga kwenye kitambaa. Najiona mwizi.

Jumamosi, 7 Agosti

Homa. Hali chakula. Anameza kidonge kwa uji nikiwa nimesimama mlangoni kuzuia njia.

Mama alinikuta natoka. Akauliza unampa nini baba yako. Vitamini, nikasema. Aliniangalia – aliniangalia sana. Kisha akasema nipeleke na maji ya moto.

Jumapili, 8 Agosti

Usiku alishindwa kulala chali. Alfajiri midomo ya kijivu. Nikaita teksi, Mama akafunga kanga juu ya gauni la kulalia, tukaondoka hivyohivyo.

Daktari akauliza, mzee ana tatizo jingine lolote? Kuna dawa anatumia? Mama akawahi kujibu: presha tu, daktari, presha tu. Baba alikuwa ananitazama juu ya barakoa ya oksijeni. Macho yake yaliniomba. Sijawahi kuombwa na baba yangu kitu chochote maishani, yeye ndiye alikuwa anatoa.

Nikanyamaza. Daktari akaondoka. Nikamkimbilia kwenye kona, nikamwambia kila kitu, na jina la dawa. Akaandika, akasema umefanya vizuri, sista. Sijioni kama nimefanya vizuri. Lakini afe kwa ajili ya siri? Hapana. Bora anichukie akiwa hai.

Jumatatu, 9 Agosti

Baba vilevile. Hawezi kuongea. Nimeruhusiwa kuingia kidogo kwa sababu ya kazi yangu. Nilimwambia, Baba, daktari nimemwambia, Mama sijamwambia. Alifinya kidole changu. Sikujua kama ni asante au ni lawama.

Mama hataki kurudi nyumbani. Anakaa nje kwenye benchi na chupa ya chai ambayo hanywi. Ameanza kukohoa.

Jumanne, 10 Agosti

Baba kapandishiwa oksijeni. Wanasema tusubiri. Mimi ndiye huwa nawaambia watu tusubiri, najua maana yake.

Ndugu wa wagonjwa leo wanapimwa wote. Nesi wa zamu, Naisula, kaelemewa. Akanipa sanduku la vipimo na kachumba cha pembeni, akasema, dada, nisaidie, anza na mama yako.

Mama akakaa. Nikamwambia inua uso, Mama. Hakuinua. Alipandisha mkono wa gauni, akanyoosha kidole, akakiweka mezani mbele yangu.

Nikasema, corona ni puani, Mama. Damu ya kidole ni kipimo kingine.

Akasema najua.

Mae! Nikabaki naangalia kile kidole, kimepasuka kwa sabuni na jiko, hakitetemeki hata kidogo. Akasema, nipime vyote, Aikande. Halafu akasema, na ukinikuta nayo, usimwambie baba yako. Yule mtu ana moyo mdogo, atajiona ameniua, na hapo hatanyanyuka kabisa.

Sikumuuliza amejua tangu lini. Nilimwambia nafuata vifaa.

Niko stoo. Vifaa ninavyo, hata vya kidole, vimo humuhumu sandukuni, nimelipakata, ndilo naandikia juu yake. Mama anaita. Anauliza kama nimevipata.