Riwaya Isiyoua Mtu

Jumatatu, 3 Machi

Kaka alinikuta maktaba nikipanga vitabu vilivyorudishwa. Hakutaka hata kukaa. Wifi amelazwa tena. Mimba ina miezi saba, presha inapanda na kushuka, na daktari hataki ashuke kitandani ila kwenda chooni. Analala ubavu kutwa, anaangalia ukuta. Kaka anasema anamfikiria yule wa mwaka juzi, aliyetoka kabla ya siku zake, lakini hamtaji. Hajawahi kumtaja kwa mtu.

Anaomba nimtafutie kitu cha kusoma. Mimi! Huyu wifi ambaye siku ya harusi yake aliwaambia wageni kwamba kazi yangu ni kulinda vumbi.

Sharti lake ni moja: iwe riwaya isiyoua mtu.

Nimezunguka rafu mpaka miguu imeniuma. Wapi! Waandishi wanaua kama wanalipwa kwa kichwa. Mwisho nikachukua ya upelelezi – humo anayekufa anakufa ukurasa wa kwanza, hakuna aliyekwisha kumzoea.

Jumatano, 5 Machi

Imerudi. Wifi anasema muuaji ni daktari, kamjua kabla ya chai, na mahali alipo yeye hataki kuwaza daktari muuaji. Kosa langu, kweli. Sikufikiri.

Nikampelekea ya mapenzi, nene, yenye waridi kwenye jalada. Akasoma kidogo mbele yangu, akaifunga. "Wifi, huyu mwanamume ananunanuna kama kaka yako. Nyumbani ninaye, na huku tena?"

Nilicheka bila kutaka. Naye akacheka, halafu akashika tumbo, nikaogopa. Miguu yake imevimba sana. Hakuna aliyeniambia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeipata! Sijui kwa nini sikuikumbuka mapema. Ile ya mwanamke anayepoteza mimba moja baada ya nyingine, na mkunga mkali anayekataa kumkatia tamaa. Kila anayeingia maktaba na macho mekundu nampa hiyo. Inaisha mtoto analia, mama anacheka, mvua inaanza kupiga bati. Basi. Naijua karibu kwa moyo.

Nimempelekea mwenyewe. Nimemwambia humo kuna machozi, lakini mwisho wake utaupenda, nakuapia. Akanitazama kama anayenunua kitu kwa mchuuzi. Lakini akakiweka chini ya mto.

Alhamisi, 13 Machi

Anawasomea wodi nzima! Kwa sauti, na sauti ya mkunga anaiga. Mama Mapacha wa kitanda cha jirani anasema jana, walipofika kwenye ile mvua, hata nesi alisimama mlangoni na sinia la dawa mpaka ikaisha.

Kuna kubwa zaidi. Wifi ameamua mtoto wake apewe jina la mtoto wa kitabuni. Jina lile linafaa awe wa kike au wa kiume. Kaka amekubali, yeye aliyekuwa anang'ang'ania jina la babu. Siliandiki hapa. Naona vibaya kuliandika kabla mwenyewe hajaja.

Wakati naondoka wifi akanishika mkono. "Unajua kuchagua," alisema. Miaka yote hii hajawahi kunisifia kitu. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu.

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbaya.

Mzee mmoja aliyefiwa na mkewe alileta boksi la vitabu vya marehemu. Katikati yake ile riwaya. Ileile, ila nene kuliko yetu. Nikadhani ni herufi kubwa. Nikafungua nyuma, nifurahie ile mvua tena.

Mvua haipo nyuma. Iko kabla. Baada yake kuna sura nyingine, na nyingine. Mtoto anakua. Anafika miaka minne, anashikwa na homa, anakufa.

Nilikaa sakafuni kati ya rafu. Mtu aliuliza kama nimepoteza kitu.

Nikaenda chumba cha nyuma kwa Gundi, mshona vitabu wetu. Akakumbuka papo hapo. Paa liliwahi kuvuja, kurasa za nyuma zikagandana kama tofali, akazitoa. Na Gundi hapendi kitabu kiishie katikati ya sentensi. Anaona ni kumfukuza msomaji na chakula mdomoni. Kwa hiyo hurudi nyuma mpaka palipotulia, anakata hapo, anabandika karatasi safi na jalada jipya. Kazi nzuri, huwezi kujua. "Mbona hakuna aliyelalamika?" akauliza. Kweli, hakuna. Nilimgombeza hata hivyo. Akanuna, akarudi kwenye kopo lake.

Mimi ndiye ninayewapa watu. Nimekuwa nikisifia nusu ya riwaya miaka yote hii.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwambia kaka. Akanitolea macho. Nifunge mdomo, anasema, na kile kinene nikichome moto. Presha ya mkewe haitaki habari.

Najua. Lakini Mama Mapacha ameshamwagiza dada yake amnunulie nakala mjini, na dada yake anakuja wiki hii. Itakuwa nzima. Atasoma, atafika kwenye mvua, atageuza ukurasa. Na wifi amelala hapo kando, na jina ameshatangaza. Nikisema, namuumiza. Nisiposema, nawaachia wengine wamuumize. Nilimweleza kaka hivyo. Akasema, "Wewe na vitabu vyako!" na kuondoka.

Nina hasira na kaka, na Gundi, na zaidi na huyo mwandishi. Mtoto alikuwa mzima! Kulikuwa na haja gani?

Jumatatu, 17 Machi

Mwandiko mbaya. Niko kwenye benchi nje ya thieta ya upasuaji, daftari juu ya goti, na natumia mkono mmoja.

Nilifika asubuhi na vitabu vyote viwili kwenye mkoba – chetu nilikuwa nimekichukua Ijumaa jioni nikisingizia kukiwekea muhuri. Sikuwa nimeamua. Nikakuta presha imekataa kushuka. Mtoto anatolewa leo, hawangoji. Kaka alikuwa ofisini kwa daktari anatia sahihi karatasi.

Wifi akauona mkoba. "Umeniletea nini?" Kabla sijajibu mkono wake ulishaingia. Akatoa chembamba, akatoa kinene. Akavipima, kimoja kila mkono.

"Hiki kimenenepa."

"Chetu kilikatwa. Sikujua, wifi. Nakuapia sikujua."

Akaweka chini chembamba. "Mtoto?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, na ulikuwa mzuri. "Anakufa," nikasema.

Hakulia. Nilitamani anitukane.

"Ana umri gani?"

"Miaka minne."

"Minne." Akairudia polepole. "Kumbe anatembea."

"Anakimbia."

"Anaongea?"

"Hanyamazi. Kuku wa jirani anamwita shangazi."

Akatabasamu, kidogo. "Wangu hakufungua hata macho," alisema. Nilikuwa sijawahi kumsikia akimtaja. Nilishindwa pa kuangalia. Akanisukumia kinene. "Nisomee hiyo miaka."

Nikasoma. Jino la kwanza. Hatua ya kwanza, kutoka mlangoni hadi kwenye ndoo. Mkunga mkali kaja kutembea na kukojolewa. Wodi ikatulia, Mama Mapacha kajiegemeza kwenye kiwiko. Walipokuja na kitanda cha magurudumu tulikuwa pale mtoto ameiba sukari, amejificha chini ya meza, na mama yake anajifanya hamwoni. Nesi akasema twende. Wifi akaniambia niweke kidole hapohapo, nisikitoe mpaka arudi.

"Na jina?" nikamuuliza, wakimsukuma. Nilikuwa natembea kando yake na kidole kitabuni.

"Limebadilika nini?" akasema. Mlango ukafungwa.

Kaka ameshajua kwamba nimesema. Hajanigombeza. Alikuwa kule mwisho wa benchi, amekumbatia viatu vya mkewe. Sasa amesogea. Ananiuliza kwa nini nisiweke kipande cha karatasi nikapumzisha mkono. Nimemwambia niliagizwa kidole. Amekiangalia kile kidole, hakuuliza tena.

Taa ya juu ya mlango bado inawaka. Kidole kimekufa ganzi.

Nimesikia kitu – kaka naye amesimama, viatu vimeanguka. Si kilio. Ni gurudumu la toroli, linahitaji mafuta. Amekaa tena. Hapa nilipo, mtoto bado yuko chini ya meza.